Mkubwa Anasumbua Tangu Mdogo Wake Azaliwe: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kumshughulisha

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu na nusu anapopata mdogo wake, nyumba nyingi za Unguja na Pemba humwona amebadilika ndani ya wiki ya kwanza. Aliyekuwa akicheza mwenyewe uani hatoki tena chumbani, aliyekwisha kuacha nepi anajikojolea, na aliyekuwa mpole anauma watu. Watu wazima hukimbilia kumtafutia vitu vya kuchezea, na vitu hivyo hutupwa pembeni baada ya dakika 5, kwa sababu hakulilia vitu. Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku, na kila mara huweza kuchukua nusu saa au zaidi, kwa hiyo mama ambaye wiki iliyopita alikuwa akikimbiliwa wakati wowote sasa yuko pale pale mbele ya macho ya mkubwa, lakini hafikiki. Mchezo unaompeleka mtoto mbali na mama yake katika siku hizo haudumu. Unaodumu ni ule unaomsogeza karibu naye, na karibu kila ushauri utakaofuata hapa umejengwa juu ya jambo hilo moja.

Kabla ya kutafuta dawa, itafutwe saa. Kwa siku mbili mtu mmoja wa nyumbani, awe baba, bibi au shangazi, aangalie ni wakati gani hasa fujo inaanza na nini kilikuwa kikifanyika dakika chache kabla yake. Mara nyingi itaonekana kwamba mtoto hasumbui kutwa nzima kama tunavyolalamika, bali ana nyakati tatu au nne zinazojirudia: kichanga anaponyonyeshwa, mzazi, yaani mama aliyejifungua, anapokandwa kwa maji ya moto, wageni wanapoingia, na jioni kabla ya magharibi. Kila wakati una chanzo chake, na dawa ya mmoja haitibu mwingine.

Fujo inaanza mara tu kichanga anapowekwa ziwani

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa kuliko zote, na ina vyanzo viwili vinavyofanana kwa nje. Cha kwanza ni kwamba mikono ya mama imeshikika na mtoto ameshajua hivyo; anapanda juu ya meza au anamwaga maji kwa sababu amegundua kuwa katika nusu saa ile hakuna atakayemfuata. Cha pili ni upweke wa kawaida: mama akinyonyesha huinama, hunyamaza, humtazama kichanga, na mkubwa huona uso uliokuwa wake umegeuzwa upande mwingine. Ili kujua ni kipi, mwite kwa jina na umpe mkono ulio huru. Akija mbio akakulalia pajani, chanzo ni cha pili. Akicheka na kuendelea kupanda, ni cha kwanza, ingawa kwa uzoefu wangu watoto wengi wana vyote viwili kwa pamoja.

Kosa linalofanywa mara nyingi ni la mpangilio. Kichanga analia, mama anakaa kunyonyesha, mkubwa anaanza vurugu, ndipo kitu cha kuchezea kinatafutwa, na mtoto anajifunza kwamba vurugu ndiyo inayoleta kitu. Utaratibu ugeuzwe: kichanga akianza kuonyesha dalili za njaa, kama kugeuza kichwa huku na huku na kunyonya vidole, mkubwa ahudumiwe kwanza kwa dakika 2 au 3, aende chooni, apewe maji, akalishwe mahali pake, ndipo kichanga apewe ziwa. Dakika 3 za kusubiri hazimdhuru kichanga mwenye afya.

Mahali pake pawe wapi? Kama mama hana maumivu ya kumzuia, ni bora anyonyeshee chini, kwenye mkeka, ameegemea ukuta na mto mgongoni, kuliko juu ya kitanda kirefu ambacho mtoto mdogo hawezi kukipanda. Akiwa mkekani, mkubwa anaweza kuegemea paja la mama na kucheza, na mkono mmoja wa mama ukawa juu ya kichwa chake. Mama aliyejifungua kwa upasuaji asijilazimishe kukaa chini wala kumnyanyua mkubwa katika wiki 6 za mwanzo. Akae kwenye kiti, na mtoto awekewe kigoda ili apande mwenyewe hadi ubavuni.

Hapo liwepo pakacha au kikapu kinachofunguliwa wakati wa kunyonyesha tu na kufungwa mara kichanga anapomaliza. Siri ya kikapu hicho ni kufungwa kwake, kwa kuwa kitu kinachoonekana kutwa hupoteza ladha. Ndani yake vinatosha vifuu viwili vya nazi vilivyosuguliwa laini, kopo lenye kifuniko, kijiko cha mti, kipande cha kanga kuukuu cha kufungia na kufungulia mafundo, na vibanio vikubwa vya nguo. Vibanio hudharauliwa, lakini mtoto wa miaka miwili na nusu akionyeshwa namna ya kubana kimoja kwenye ukingo wa kopo atatoa ulimi nje, atabana mdomo, atajaribu mara 10 kabla ya kuweza, kisha atavipanga duara zima na kuvitoa ili aanze upya. Waya wa kila kibanio ukaguliwe kabla haujalegea. Kitu chochote kinachoweza kupita katika tundu yenye upana wa kama sentimita 3 kisiwemo kabisa: gololi, vifungo, shanga, betri ndogo za rimoti, njugu, na pia kokwa za ubuyu, ambazo hapa kwetu watoto hupewa kwa mapenzi na ni rahisi sana kuwakaba. Mama anayenyonyesha hawezi kuruka haraka kumwokoa mtoto aliyekabwa.

Hata kikapu kizuri huchosha baada ya siku kadhaa, na hapo ndipo hadithi inaposhika zamu. Hadithi haihitaji mikono. Mama akisema «Paukwa!» mtoto wa miaka miwili hujifunza kujibu «Pakawa!» kwa siku moja, na jibu hilo peke yake humfanya awe na kazi na umuhimu katika chumba kile. Hadithi iwe yake mwenyewe: alivyozaliwa, nani alimbeba kwanza, mvua iliyonyesha siku aliyopewa jina, alivyokuwa hana meno. Ataitaka hiyo hiyo kila siku, na apewe hiyo hiyo. Hadithi hii humwambia, kwa njia anayoielewa, kwamba naye alipakatwa hivi hivi na hajapokonywa kitu.

Anataka kunyonya tena

Baadhi ya mama hushtuka na kuona aibu mkubwa anapovuta kanga na kudai ziwa. Ikiwa hajafika miaka miwili, dai lake lina haki: Qur'ani katika Sura ya 2, aya ya 233, inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na Shirika la Afya Duniani linashauri kuendelea hadi miaka miwili na zaidi. Kunyonyesha wawili kunawezekana na hakumdhuru yeyote, ilimradi mama anakula vizuri, na katika siku za mwanzo kichanga atangulie, kwa kuwa maziwa ya kwanza yale ya manjano ni kinga yake.

Ikiwa ameshaachishwa, dai lake kwa kawaida ni la kutaka kujua. Wengi wakiruhusiwa huweka mdomo, huona wamesahau namna ya kunyonya, hucheka na kuondoka. Mama asiyetaka kumruhusu ampakate, amfunike kanga ile ile, ampe kikombe chake. Jambo ninaloomba liepukwe ni kupaka shubiri kwenye ziwa katika wiki zile zile mdogo wake anapozaliwa. Mtoto anapoona ziwa limekuwa chungu kwake na tamu kwa mwingine, hesabu anayoipiga ni mbaya, na humchukua muda mrefu kuisahau. Kuachisha kufanywe miezi kadhaa kabla ya uzazi, au kungojwe hadi nyumba itulie.

Anaangua kilio mlangoni mama anapokandwa

Miongozo ya malezi iliyoandikwa kwingine hailitaji jambo hili, na kwetu hutokea kila siku hadi arobaini ikaribie. Mama anaingia chumbani na bibi mkandaji, maji ya moto yanapitishwa, mlango unafungwa, na baada ya muda mtoto anasikia sauti ya mama yake akigumia. Kwake yeye, mtu asiyemjua amemfungia mama na anamuumiza. Kumwambia anyamaze kwa sababu mama anatibiwa hakumsaidii, kwani maelezo hayazidi nguvu ya sauti aliyoisikia.

Mlango lazima ufungwe, kwani ndoo ya maji ya moto na mtoto wa miaka miwili havikai chumba kimoja. Kwa hiyo mtoto asiwe nyumbani kabisa wakati huo. Mtu mmoja, na awe yule yule kila siku, amchukue kabla maji hayajapitishwa, na mama mwenyewe amuage kwa maneno, bila kumtoroka, kwa sababu anayetorokwa leo hatamwacha mama hata dakika moja kesho. Waende mahali pamoja panapojulikana: kununua boflo dukani, kuangalia kuku wa jirani, kukusanya kombe pwani kama pwani iko karibu. Kurudia njia ile ile humpa mtoto saa ya kuhesabia: tukifika dukani na kurudi, mama ameshatoka.

Sehemu ya pili ya dawa niliiona kwangu mwenyewe. Nilizaa wa pili Wete wakati wa masika, na mkubwa wangu alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Siku zilizonyesha sana hakukuwa na pa kumpeleka. Dada yangu, ambaye ni khaloo yake, akamkalisha ukumbini, mbali na mlango, akamwekea bakuli la maji ya vuguvugu, kitambaa kidogo, na mtoto wa matambara aliyemshona usiku uliopita. Akamwonyesha mara moja: chovya, kamua, bandika mgongoni. Nilipotoka nimejifunga kanga, nilimkuta amepiga magoti, maji yakimtiririka viwikoni, anamkanda mtoto wake na kumwambia kwa sauti nzito kama ya bibi mkandaji, «Pole, tulia, pole.» Kuanzia siku hiyo alipousikia mlango ukifungwa alikwenda kuchukua bakuli lake. Kile alichokuwa akikiogopa kilikuwa sasa ni kazi anayoijua. Maji yamwagwe mara mchezo unapokwisha, kwani mtoto mdogo huweza kuzama katika maji yenye kina cha sentimita chache tu.

Anabana, anapiga, anakumbatia kupita kiasi

Hapa usalama unatangulia malezi. Kichanga asiachwe peke yake na mkubwa hata kwa muda wa kwenda jikoni kuzima jiko. Kama lazima mama aondoke, amchukue mmoja. Chandarua kilichochomekwa vizuri ni kizuizi cha muda mfupi sana, na susu, yaani kitanda cha kuning'inia cha kichanga, iliyofungwa chini ni mwaliko wa kubembezwa kwa nguvu.

Mengi yanayoitwa chuki ni uchunguzi. Mtoto anataka kujua jicho hili linafunguka vipi na utosi unaopiga kwa nini unapiga. Afundishwe mahali pa kugusa, yaani nyayo na vidole vya miguu, baada ya kunawa mikono. Uso na utosi viwe ni vya watu wazima. Akiwa na mafua, miguu nayo ingoje. Akipiga kweli kwa hasira, mkono wake ushikwe bila kuumizwa na aambiwe maneno machache: «Sikuachi umpige. Njoo hapa kwangu.» Kisha apewe cha kupiga, kama mto au kopo lililofunikwa. Kumchapa mtoto aliyempiga mdogo wake humthibitishia kuwa mkubwa humpiga mdogo.

Kazi ndogo za kweli hupunguza sana dalili hii: kuleta nepi, kuchagua kanga ya kumfunika mdogo wake, kuitia sabuni kwenye kisahani. Aitwe kwa jina anapofanya, na asiambiwe kila mara kwamba yeye sasa ni mkubwa, kwa sababu kwa mtoto wa miaka miwili neno hilo linasikika kama amri ya kuacha kupakatwa.

Wageni wakija anaharibika

Wageni wanaokuja kumtazama mzazi huja kwa mapenzi, na huingia moja kwa moja chumbani alipo kichanga, wakampita mtoto aliyesimama ukumbini, wakatoa zawadi moja. Halafu huja utani. «Huyu tunaondoka naye.» «Sasa mama si wako tena.» «Yako yamekwisha.» Watu wazima hucheka, na mtoto wa umri huu huamini kila neno. Nimeona watoto waliokataa kulala usiku baada ya maneno hayo, wakiamka kuangalia kama mama yupo. Kwangu mimi hili si jambo dogo la kuachiwa kwa ajili ya adabu, na nyumba ina haki ya kulizuia.

Anayelizuia awe mtu mwenye umri na heshima, asiwe mzazi mwenyewe. Mke anaweza kumwambia mama mkwe wake: «Mama, niwie radhi, wageni wakija nakuomba unisaidie kuwaambia wasimtanie mtoto kuwa atachukuliwa wala kuwa mimi si wake, maana usiku halali.» Bibi wengi huipokea kazi hiyo kwa furaha na huilinda kuliko mama. Pia mgeni akaribishwe na mkubwa: yeye ndiye ampeleke chumbani kwa mkono kumwonyesha «mdogo wangu». Siku ya saba, nyumba inapofanya akika na kichanga akanyolewa na kuitwa jina, mkubwa awe na nguo yake safi, sahani yake, na mtu mmoja aliyepewa kazi ya kuwa naye tu hadi shughuli imalizike, kwani katika shughuli kila mtu hudhani mtoto yuko na mwingine.

Hamtaki yeyote isipokuwa mama

Chanzo ni kwamba watu wengine wamekuja kwake ghafla, siku ile ile mama alipopungua. Kama mimba bado haijatimia, baba aanze sasa kushika jambo moja lisilobadilika, kwa mfano kumwogesha jioni au kumpeleka sokoni Jumapili, ili liendelee lile lile baada ya uzazi. Kama uzazi umeshapita, aanze akiwa mbele ya mama, chumbani humo humo, kisha asogee taratibu hadi ukumbini na uani. Kumnyakua mtoto anayelia na kumtoa nje hurefusha tatizo.

Kule Pemba, msimu wa karafuu ukiangukia siku hizo na nyumba nzima ikiwa jamvini jioni inachambua, mtoto wa miaka mitatu akalishwe karibu na babu yake na apewe kishada kimoja atenganishe karafuu na makonyo, yaani vijiti vyake. Anayekaa naye asiondoke, kwa kuwa karafuu ni ndogo na huishia puani.

Anajikojolea, anaongea kitoto, anataka kulishwa

Alishwe, abebwe, avalishwe nepi bila maneno. Mengi ya haya hupungua yenyewe baada ya wiki kadhaa yakiachwa bila kuchekwa. Akiwa na homa, akilia anapokojoa, au akiwa amepoteza maneno aliyokuwa akiyasema na hayarudi, apelekwe kituo cha afya, kwani hapo chanzo kinaweza kuwa ni maradhi.

Jioni haishikiki

Ulizeni kwanza kama alilala mchana. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13, mchana na usiku vikihesabiwa pamoja. Wageni na vilio vya kichanga huula usingizi wa adhuhuri bila mtu kutambua. Chumba kifungwe baada ya chakula cha mchana, mama alale na mkubwa ubavuni na kichanga upande wa pili peke yake kwenye kitanda chake, na wageni waombwe waje baada ya alasiri.

Chanzo kingine ni simu. Katuni hunyamazisha papo hapo, na kilio cha simu inapochukuliwa huzidi kile kilichokuwa kikizuiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi muda wowote wa skrini kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kwa wa miaka miwili hadi minne usizidi saa 1 kwa siku. Nyumba ikilazimika kuitumia, iwe mara moja, saa ile ile, na isiwe wakati wa kunyonyesha, la sivyo mtoto ataidai mara 10 kwa siku. Karai la mchanga wa pwani uliochekechwa, pamoja na kifuu cha kuchotea, hutuliza jioni vizuri zaidi, hata siku ya mvua ukumbini juu ya jamvi.

Mama mwenyewe hana nguvu ya lolote

Kuna nyakati ambapo yote yaliyotajwa yamejaribiwa na mtoto bado ana huzuni, kwa sababu anamwona mama akilia. Machozi ya siku za mwanzo baada ya uzazi ni ya kawaida. Yakipita wiki 2, au mama akiona hana hamu ya watoto wake wote wawili, hilo ni gonjwa linalotibika na lisemwe mapema kwa mkunga au daktari, bila kungoja arobaini itoke.

Arobaini ikikaribia kutoka, wiki ya 6 ya chanjo na ya kumpima mama nayo huwa imefika, na mara nyingi hiyo ndiyo safari ya kwanza ya mama nje ya nyumba. Mkubwa asiachwe nyuma siku hiyo. Apewe kadi ya kliniki aishike, na baada ya chanjo, muda ukiruhusu, apitishwe kwenye pembea za kiwanja cha watoto cha Kariakoo mjini Unguja, au cha Tibirinzi kwa walio Chake Chake. Njiani kichanga abebwe na bibi au shangazi, ili mkono wa mama uwe huru kumshika mkubwa mkono kutoka mlangoni hadi kituoni na kurudi.